Maswali na majibu: MG ya mwaka 1952 iliyovikwa juu ya Volkswagen

Msomaji wetu mmoja anayeishi Ohio, Marekani, alitutumia picha za gari ambalo nusura alilipie siku hiyohiyo: gari dogo jekundu la wazi, la viti viwili, lenye madigadi marefu yaliyopinda, taa mbili zilizosimama kando ya grili na tairi la akiba lililofungwa nyuma. Tangazo lililiita "nakala ya MG TD ya mwaka 1952", na muuzaji alitaka dola 7,500. Wasomaji wengine walipozipata habari hizo nao wakauliza ya kwao, na hapa tunayajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Ndugu mhariri, hebu niambie waziwazi: hili ni MG au si MG?

Si MG. MG TD halisi, gari dogo la michezo la Kiingereza, ilitengenezwa katika kiwanda cha kampuni ya MG kilichokuwa mjini Abingdon, karibu na Oxford, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1949 hadi 1953. Yalitoka magari karibu 30,000, na sehemu kubwa yake ikavushwa kwenda Marekani. Injini yake ilikuwa ya silinda 4 na sentimita za ujazo 1,250, ikapozwa kwa maji, ikakaa mbele juu ya fremu ya chuma. Bodi nayo ilikuwa ya bati lililofungwa juu ya mifupa ya mbao, kama walivyofanya mafundi wa magari ya farasi.

Gari tulilotumiwa picha zake ni la ukoo mwingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 kampuni kadhaa za Marekani ziliuza vifurushi vya kujiundia gari nyumbani: bodi ya faiba, grili, kioo cha mbele, viti na turubai. Mnunuzi alitafuta Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa mviringo, akainyanyua bodi yake na kuiweka pembeni, akabaki na sakafu ya chuma pamoja na injini, giaboksi, usukani na magurudumu, kisha akaishusha bodi ya faiba juu yake. Jambo hili liliwezekana kwa sababu ya bahati moja ya vipimo: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma MG TD ina inchi 94, na Beetle ina inchi 94.5, kwa hiyo sakafu haikuhitaji kukatwa wala kuungwa. Kwa jinsi hiyo gari hili lina sura ya Mwingereza na mwili wa Mjerumani, injini yake iko nyuma, na ile grili nzuri ya mbele haina redieta yoyote nyuma yake. Yapo pia machache yaliyojengwa juu ya Chevrolet Chevette, ambayo injini yake hukaa mbele, na hayo yasikuchanganye. Muulize muuzaji mapema.

Nitatambuaje bila kuwa fundi?

Chukua sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji, uifunge kwa kitambaa laini ili usikwaruze rangi, kisha uiweke kwenye ubavu wa gari. Ikinata, una bati mbele yako. Ikianguka mkononi mwako, hiyo ni faiba. Halafu mwombe muuzaji aliwashe na usimame nyuma: mlio wa Beetle hausahauliki kwa mtu aliyewahi kuusikia utotoni mwake.

Kaka, nikifika kuliangalia nianzie wapi? Rangi inang'aa na viti ni vipya kabisa.

Anzia chini, na rangi uiache mwisho. Faiba haishiki kutu, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa maana sakafu iliyo chini yake ni bati la gari lenye umri wa zaidi ya miaka 50. Niliwahi kulala chini ya gari la namna hii ambalo juu lilimetameta kama sahani ya harusi. Muuzaji alikuwa ameipaka sakafu yote lami nyeusi, nene, ikaonekana imara; nilipoigonga kwa mpini wa bisibisi upande wa kulia, nyuma ya kiti, sauti ikawa ya karatasi badala ya chuma, na gonga la tatu likaniangushia unga mwekundu machoni. Pale ndipo Beetle huweka betri yake, na asidi iliyovuja kwa miaka mingi huila sakafu kabla ya sehemu nyingine zote. Vipande vya sakafu huuzwa na kuchomelewa, lakini kwenye nakala kazi hiyo inaweza kudai bodi nzima inyanyuliwe tena, na gharama yake unapaswa kuiondoa kwenye bei kabla hujapeana mkono wa makubaliano.

Baada ya sakafu, nenda kwenye injini ikiwa imezimwa. Shika puli ya chini, uivute kuelekea kwako na kuisukuma. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa macho, beringi za krenki zimechoka na injini inakaribia kufunguliwa. Kisha tazama mabati yanayoizunguka. Injini hii haina maji, inapozwa na hewa inayosukumwa na feni na kuongozwa na mabati hayo pamoja na mipira ya kuziba kingo zake, na waundaji wengi wa nyumbani waliona ni takataka wakayaacha, hewa ya moto ikawa inarudi palepale ilipotoka. Injini iliyoendeshwa hivyo msimu mmoja wa joto haitakuambia lolote siku ya kwanza.

Nyaya za umeme zinahitaji subira kuliko yote, kwa sababu hazikufungwa na kiwanda. Zilifungwa na bwana fulani gereji kwake, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa waya alizokuwa nazo. Ukikuta waya nyingi za rangi moja zilizounganishwa kwa utepe, jua kwamba fundi umeme atakula siku kadhaa. Uliza pia mwaka wa Beetle iliyotolewa sakafu, kwa sababu zile zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1967 zina umeme wa volti 12 na breki za mifumo miwili, ilhali za nyuma ya hapo zilikuwa na volti 6 na mfumo mmoja tu, ambao ukivuja breki zote zimekwenda. Mwisho fungua milango, ambayo kama ya MG halisi bawaba zake ziko nyuma, na utazame faiba iliyo karibu na bawaba hizo. Nyufa ndogo zenye umbo la buibui si hatari, lakini ufa mrefu unaoonyesha nyuzi unaeleza kwamba bodi inapinda.

Hati ya umiliki imeandikwa Volkswagen ya 1969, lakini tangazo linasema MG ya 1952. Je, nimeibiwa?

La, hiyo ndiyo hati safi. Ninayoihofia ni ile iliyoandikwa MG ya 1952 wakati namba iliyogongwa kwenye mgongo wa chuma katikati ya sakafu, chini ya kilipokuwa kiti cha nyuma, ni ya Volkswagen. Linganisha namba hiyo na hati, tarakimu kwa tarakimu, na zikitofautiana ondoka hata kama bei imeshuka nusu. Kila jimbo la Marekani lina taratibu zake za kusajili magari yaliyoundwa nyumbani, kwa hiyo ipigie simu ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla ya kulipa, si baada.

Ninaweza kulisafirisha hadi Mombasa nikalitumie uzeeni?

Kwa kanuni ya jumla ya Kenya, hapana. Gari lililotumika haliingizwi likiwa limezidi umri wa miaka 8, na usukani wa kushoto ni kikwazo cha pili.

Mzee wangu, spea zake zinapatikana?

Za chini zinapatikana kuliko unavyodhani. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na plagi, kebo za klachi na kabureta zake bado huuzwa kila mahali. Ni gari lile lile lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962 katika matope ambayo yangeimeza MG TD yoyote. Shida iko juu: kampuni nyingi za vifurushi zilifungwa zamani, na kioo cha mbele au fremu ya turubai ikivunjika utalazimika kutengenezewa kwa kipimo. Hakikisha turubai na mapazia ya pembeni yapo kwenye gari, yasiwe "yako stoo kwa shemeji".

Muuzaji anasema thamani yake itapanda pamoja na ya MG halisi.

Haitapanda hivyo, kwa kuwa wanunuzi wa MG halisi hulipia Abingdon, na hili halikupita Abingdon. Lipime kama Beetle nzuri iliyovaa koti zuri. Sakafu ikilia kama chuma, hati ikilingana na namba na injini ikiwa tulivu, dola 7,500 ni bei ya kuanzia mazungumzo, na mimi ningesogea hadi 6,000. Msomaji wetu wa Ohio ametuandikia kwamba Jumapili anakwenda kuliangalia, na kwamba bisibisi na sumaku tayari vimo mfukoni.