Mdororo Mkuu wa 1929: sio hisa peke yake
Unaposema soko la hisa la New York kuporomoka Oktoba 1929 ndo kulileta umaskini wote ule Marekani, hapana ndugu, hiyo ilianzisha tu, kilichomaliza watu ni mabenki. Kipindi kile amana nyingi hazikuwa na bima, tetesi zikianza tu watu wanajazana mlangoni kutoa hela zao, benki inafunga, akiba ya maisha imeenda hivyo, na benki kuu ikaacha tu hela zipungue kwenye mzunguko. Kufika 1933 maelfu ya benki yamekufa, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi, familia zinalala vibanda vya mabati na maboksi, na inaniuma sana hii, wakulima walimwaga maziwa barabarani kupinga bei mbovu wakati mijini watoto wana njaa.