Matundu ya vifungo yanachanika: nifanyeje?

*Jambo Mama Fundi. Nimejishonea shati la kikwembe (kitenge) hapa Goma kwa cherehani ya kukanyaga, ile ya mshono mnyoofu tu. Matundu ya vifungo yanatoa nyuzi kila nikifua, na kifuani shati linaachama. Nimekosea wapi?*

Binti yangu, nahisi ulikata tundu kwanza ndipo ukashona. Kikwembe ni pamba. Ukishakipasua, nyuzi zake hazikungoji.

Kwanza bandika kwa pasi, ndani ya ukanda wa vifungo, kile kitambaa kigumu tunachoweka kwenye kola. Pima kifungo: upana wake, ongeza unene. Cha milimita 15 chenye unene wa 3 kinataka tundu la 18. Chora mstari kwa chaki, kisha uuzunguke kwa mshono mfupi kabisa wa cherehani, milimita 2 kila upande. Sasa ndiyo ukate katikati, lakini choma pini moja kukingama kila mwisho ili kisu kisipitilize. Mimi niliwahi kuzipuuza pini hizo, mteja mwenyewe amekaa kwenye benchi ananitazama. Kisu kilikwenda hadi ukingoni mwa blauzi.

Kilichobaki ni kazi ya mkono. Pitisha uzi kwenye mshumaa usijisokote. Choma sindano kutoka nyuma, nje kidogo ya ule mshono. Kabla hujaivuta, zungusha chini ya ncha yake uzi unaotoka kwenye jicho la sindano. Vuta taratibu kuelekea kwenye mkato, fundo likae pale pale ukingoni. Mafundo yagusane. Tundu la kwanza lifanye kwenye kipande cha kutupa, maana la kwanza huwa baya kwa kila mtu.

Kuachama ni jambo jingine. Wengi hugawa vifungo kwa futi kuanzia kola kwenda chini, kifua kikaangukia katikati ya vifungo viwili. Vaa shati, weka alama mahali kifua kilipojaa zaidi, hapo ndipo pa kifungo cha kwanza. Vingine vihesabu kutoka hapo, juu na chini. Lakini kama shati lenyewe linabana, fumua mishono ya ubavuni ulipanue, kifungo hakitakusaidia.

Unapokishona kifungo, laza njiti ya kiberiti juu yake, uzi upite juu ya njiti. Ukimaliza ichomoe, inua kifungo, zungusha uzi mara tatu au nne shingoni mwake, ndipo ufunge fundo upande wa nyuma.