Anko, hii albamu haina ngoma, sasa biti inatoka wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi napiga ngoma hapa Bagamoyo, kuna jamaa kanirushia albamu ya Björk wa Iceland, Medúlla ya 2004, akasema hiyo ndo pop ya majaribio, hebu ichambue. Nimeisikiliza yote, biti naiskia, bezi naiskia, ila ngoma hamna, gitaa hamna, mengine naona makelele tu. Naanzia wapi? Na kwanini iitwe pop?
Mpiga ngoma, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Biti ni mdomo, bezi ni koo, yani karibu kila kitu humo ni sauti za watu, vyombo vimeingia kidogo sana, mfano piano kwenye wimbo wa Ancestors. Kwa hiyo maneno achana nayo kwanza, jiulize kazi ya ngoma kaishika nani. Sehemu nyingi ni Rahzel, Mmarekani anayepiga biti kwa mdomo, midomo ikipasuka "bu" hilo ndo dundo la chini, ulimi ukichomoka kwenye meno "ts" hizo ndo zile kali za juu. Wewe hii si ngeni kwako, wapiga ngoma wangapi wanafundishana pigo kwa mdomo kabla mkono haujagusa ngozi?

Anza na wimbo wa Show Me Forgiveness, Björk yuko peke yake, uizoee sauti yake. Kisha nenda Where Is the Line, hapo ndo penye utamu na kwangu mimi hakuna inayoifikia kwenye albamu nzima, Rahzel anapiga, kwaya ya Iceland inaingia kwa kishindo af inakata ghafla, Mike Patton, mwimbaji wa Marekani, anaunguruma kule chini. Irudie, kila ukirudia mfuate mtu mmoja tu mpaka mwisho, ukitaka kuwashika wote kwa mpigo ndo unapata hayo makelele. Na vaa iyafoni, spika ya simu inaua sauti zote za chini.

Kwenye Ancestors yule anayehema kwa koo ni Tanya Tagaq, Muinuiti, yani watu wa asili wa kaskazini ya mbali, wa Kanada. Kwao asili ya kuimba hivyo ni mchezo, wanawake wawili wanasimama uso kwa uso wanapokezana pumzi na sauti za kooni, wa kwanza kucheka au kuishiwa pumzi kashindwa. Kama umewahi kukaa karibu na zikri ya tarika ya Qadiriya hapo hapo Bagamoyo unajua pumzi inavyoshika mdundo bila chombo, ingawa ile ni ibada, tusichanganye.

Kuhusu pop, skiliza Who Is It. Ina beti, ina kiitikio, melodi iko wazi kabisa, kilichobadilika ni kinachoibeba tu. Na Oceania, ile ambayo kwaya inapanda na kushuka kwa kuteleza, Björk aliiimba kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Athens mwaka huo huo 2004, sasa hiyo si ya kujificha chumbani.

Ukishamaliza chukua Triumph of a Heart, ya mwisho kabisa, ipigie hiyo biti kwenye ngoma yako pigo kwa pigo, pale mkono utakaposhindwa kufuata mdomo paandike, ndo uchambuzi wako uanzie hapo.