Kifua kikuu: tufungue madirisha, tuache kutenga sahani

Hapa Ngamiani, Tanga, bado nasikia watu wakisema kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo, au hutokana na vumbi la mkonge, au mgonjwa amerogwa. Mimi niliyeugua nikapona nasema wazi kwamba chanzo chake ni bakteria, yule aliyetangazwa na daktari Mjerumani Robert Koch mwaka 1882, ambaye husambaa hewani pale mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza. Vumbi laweza kuchokoza kifua, lakini halizai bakteria. Na ndugu huugua kwa kufuatana kwa sababu wanavuta hewa moja, si kwa sababu ya damu yao.

Nyumbani nilitengewa sahani, kikombe na kijiko kwa nia njema kabisa, ilhali usiku tulilala watatu katika chumba ambacho dirisha lake halikufunguliwa kwa kuogopa mbu na wezi. Hatari ilikuwa humo chumbani, wala haikuwa kwenye kikombe. Mbu wana chandarua. Dirisha liachwe wazi, upepo wa bahari upite.

Si kila anayeambukizwa huugua. Wenye VVU, kisukari au lishe duni, pamoja na wavutaji sigara, ndio walio hatarini zaidi.

Kuhusu kupona, dozi ya kawaida ni miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha dawa 2 kwa miezi 4, nazo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Lakini macho yakiwa ya manjano au uoni ukififia, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Kipindi kigumu, kwa maoni yangu, ni pale homa za jioni na jasho la usiku vinapokoma, hamu ya kula inarudi, na mtu anajiona mzima akashawishika kuacha dawa, kwa maana bakteria waliosalia wakiachiwa nafasi huweza kurudi wakiwa sugu kwa dawa. Ndiyo maana nashauri kila mgonjwa awe na msimamizi anayemwona akimeza vidonge kila siku, mtu asiyeona haya kumgombeza.

Na mnaoishi na mgonjwa, nendeni mkapimwe nyote, mkianza na watoto walio chini ya miaka 5, ambao hata wakikutwa hawaumwi hupewa dawa za kuwakinga.