Usilipe huo ukumbi, mimi nilishakodi kila kitu

Usilipe. Kama bado hujatuma hayo malipo ya kwanza, weka simu chini usome hapa.

Unasema mna laki mbili, mnataka kuwakusanya wasichana 60 kwenye hoteli moja hapo Milimani, Kisumu, siku moja, muwafundishe kuandika programu ili wanawake waongezeke kwenye teknolojia. Halafu unauliza ukumbi, fulana, lugha ya kuanzia na wafadhili. Nimesoma mara mbili moyo ukinidunda, maana hiyo ni siku yangu mwenyewe, umebadilisha tu jina la mji.

Siku hizi vijana wanasema "kukodi", kutoka "code" ya Kiingereza, wakimaanisha kuandika programu. Basi sisi hapa Nakuru tulikodi kweli kweli. Tulikodi ukumbi, tukakodi viti vya kuvishwa vitambaa, tukakodi spika, tukakodi droni. Laptopu 15 nazo tukakodi, elfu moja kila moja kwa siku. Jumla 187,000. Ukumbi na chakula peke yake 90,000, fulana 39,000.

Aliyetutia ujinga huu ni mshauri mmoja aliyejiita mtaalamu wa miradi. "Siku moja ya kishindo," akasema, "picha zikitoka vizuri wafadhili watakuja wenyewe." Akala 20,000 zake, akala na kuku wetu. Wafadhili nawasubiri mpaka leo. Picha zipo, ila ziko kwenye ukurasa wake yeye. Mimi nimo katika moja, nimefumba macho.

Pesa nimesamehe. Sikiliza lililoniuma.

Kulikuwa na msichana kutoka mtaa wa Kaptembwo, mamake anauza mboga. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa ametengeneza ukurasa mdogo wa bei: sukuma, nyanya, dania. Ukibonyeza nyanya, jumla inapanda. Alizibonyeza zile nyanya mpaka zikafika shilingi elfu nne, anacheka peke yake. Saa kumi na nusu mwenye laptopu akafika na gari lake la Probox, akaanza kuzifunga moja moja. Msichana akachomoa daftari tulilowapa, lenye nembo yetu kwenye jalada, akawa ananakili programu kwa kalamu, mabano, nukta mkato na yote, mwenye mashine amesimama juu yake akitikisa funguo. Akaniuliza, "Dada, sasa nitaiendeleza wapi?"

Nikamwambia ajiamini. Kujiamini! Kana kwamba kujiamini kuna kibodi.

Baada ya mwezi akanitumia picha ya lile daftari kwa simu ya mamake, anauliza mstari wa tisa umekosa nini. Saiba ya karibu, yaani duka la kompyuta za kulipia, ni shilingi moja kwa dakika. Akitoka shule achote maji, apike, aoshe vyombo, giza limeshaingia, nani atamruhusu kutoka? Kakake yuko huko saiba mpaka saa mbili usiku na hakuna anayemuuliza kitu. Halafu sisi tunaketi hotelini na samosa mkononi tukijiuliza kwa nini wasichana hawapendi kompyuta.

Kanuni yangu ni moja, mniite mkali mkitaka: usimfungulie msichana mashine utakayomnyang'anya jioni. Laptopu ya mtumba ukitafuta vizuri unaipata kwa 20,000. Pesa zangu zingenunua tisa. Tisa, dadangu, nami nikanunua kivuli cha ukumbi na droni ya kukipiga picha kutoka juu.

Na mfano mnao hapo hapo kwenu. Wale wasichana watano wa Kisumu Girls waliotengeneza i-Cut, programu ya simu ya kumsaidia msichana anayetishiwa kukeketwa, hawakufika California mwaka 2017 kwa warsha ya siku moja. Shindano lililowapeleka huko, Technovation, la wasichana kuunda programu za simu, linataka ukae na wazo lako wiki baada ya wiki, ulijenge, likatae, ulijenge tena. Mwaka 2019 wakafika fainali ya Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. AkiraChix kule Nairobi, shirika linalowafundisha wasichana teknolojia, nao hukaa na wasichana wao mwaka mzima.

Sisi nasi mara ya pili tulinunua laptopu nne tu. Wasichana wanane, Jumamosi asubuhi, saa saba kila mtu yuko njiani kurudi nyumbani. Laptopu zinalala kwao kwa zamu, mzazi anatia sahihi. Wawili waliacha. Mashine moja ilimwagikiwa uji, na fundi akatuchaji kana kwamba ulikuwa wa dhahabu. Yule wa mboga yumo. Mstari wa tisa ulikuwa umekosa mabano ya kufunga. Alikuwa akiyaandika ndipo laptopu ikafungwa.

Ulikuwa umeuliza nini tena? Fulana. Ninazo 11 chini ya kitanda, zote saizi kubwa. Ukizitaka nakutumia na matatu ya Kisumu, nauli juu yako. Ila mgongoni zimeandikwa Nakuru.