Leseni anayo, mbona hafanyi upasuaji?

SWALI: Dokta, shikamoo. Mama yetu yuko British Columbia, Kanada, anasubiri kubadilishiwa nyonga. Ameambiwa daktari mpya hawezi kuanza mpaka kamati ipitie maombi yake. Kamati gani tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Leseni inamruhusu kuwa daktari, haimruhusu kupasua katika hospitali yoyote aitakayo. Jimbo hilo lina mamlaka 5 za afya za kanda, na kila moja ina kamati ya ushauri ya madaktari. Kamati hiyo inapendekeza daktari aruhusiwe kufanya nini, anayeamua ni bodi ya mamlaka.

Nimewahi kuketi kwenye kamati ya aina hiyo. Bingwa mmoja wa mifupa aliomba ruhusa ya kupasua nyonga, magoti na uti wa mgongo. Faili lake la nyonga lilijaa upasuaji aliokwisha kuufanya. Kwenye mgongo, miaka mingi hakuna kitu. Tukapendekeza apewe nyonga na magoti, mgongo afanye kwanza chini ya usimamizi. Alikasirika sana. Mimi hadi leo nasimama na uamuzi ule, maana mgonjwa akishalazwa kitandani hana namna ya kulikagua faili hilo mwenyewe.

Kamati pia hufuatilia ubora wa matibabu. Lakini malalamiko ya mama yapelekeni ofisi ya ubora wa huduma kwa wagonjwa. Kila mamlaka inayo.