Pete ya ncha ya fimbo ya kuvulia: moto uguse chuma tu

Mkuu, umeuliza kama pete ya juu kabisa ya fimbo inabadilishwa nyumbani au mpaka uipeleke Dar, na kama supaglu inatosha kuishika. Inabadilishwa nyumbani, na nusu saa haiishi. Supaglu achana nayo. Nimeshalipia ujinga huo, nitakusimulia.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni pete kweli. Umesema pale Shangani mshipi umekukatikia mara mbili na kolekole akiwa ameshanasa, na zote mbili umekatikia juu karibu na fimbo. Hiyo dalili inaelekea huko. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya pete ukikizungusha taratibu pande zote. Kauri, yaani ule mduara mgumu ulio ndani ya pete, ikiwa na ufa, hata ule usioonekana kwa macho, itang'oa nyuzi za pamba. Yangu niliikodolea macho juani siku kadhaa nikasema iko safi. Pamba ikaacha ndevu sehemu moja tu, pale pale mshipi unapolalia. Ufa wenyewe mara nyingi tunausababisha sisi: unazungusha rili kwa haraka mpaka chubwi inagonga pete, au unaning'iniza ndoana kwenye pete ya ncha ukitembea. Wengi tunafanya hivyo, na ndoana inakwangua.

Sasa kuing'oa. Fimbo yangu ya kwanza niliiua Mikindani, nimekaa barazani na plaizi mkononi. Niliibana pete, nikazungusha kwa nguvu kama nafungua nati ya baiskeli. Ikalia "tak", nikabaki na pete kwenye plaizi na kipande cha fimbo kikiwa bado ndani yake. Nilichokuwa sijui ni kwamba pete nyingine zote zimefungwa kwa uzi na kupakwa gundi juu, lakini ya ncha imechomekwa tu: ina kibomba kidogo cha chuma, na ndani yake kwa kawaida kuna gundi inayolainika kwa joto. Haihitaji nguvu, inahitaji moto, na moto wenyewe kidogo. Kaboni na faibaglasi zilizotengeneza fimbo zinashikiliwa na gundi yao humo ndani, ukiziunguza ncha inakuwa kama kijiti kikavu.

Kwa hiyo funga kitambaa chepesi chenye maji kwenye fimbo, chini kidogo ya kibomba. Washa kiberiti cha gesi au mshumaa, moto uguse chuma peke yake, sekunde mbili tatu, utoe. Vuta kwa plaizi moja kwa moja kuelekea mbele, bila kuzungusha. Imegoma? Rudia. Mimi mara ya pili ilinichukua raundi sita, na ilipokubali iliteleza kama kisu kwenye siagi. Fanya ndani ya nyumba. Kusi ikivuma, mwali hautulii, utajikuta unapasha fimbo badala ya chuma.

Ukubwa wa pete ndio unaowasumbua wengi, maana duka la vifaa hivi hapa Mtwara si la kulitegemea na ukiagiza unaagiza kwa namba. Usipime kwa rula. Nenda kwa seremala mwenye biti nyembamba za drili, umwombe akuache ujaribishe kibomba chako cha zamani kwenye biti zake, baada ya kukwangua gundi iliyobaki ndani. Biti ambayo mkia wake laini unaingia bila kucheza, namba yake ndiyo kipenyo chako. Angalia pia muuzaji anahesabu vipi. Wengine wanaandika milimita, ila Wamarekani wanahesabu kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo "6" yao ni kama milimita 2.4. Kama ncha imeshakatika kama ilivyokatika yangu, usiitupe fimbo: ikate vizuri kwa msumeno wa chuma ukiizungusha, piga msasa laini, tafuta pete yenye kibomba kikubwa zaidi. Itakuwa ngumu kidogo mbele, samaki hawatajua.

Gundi ni vile vijiti vyeupe ambavyo wapambaji wa kumbi wanaviyeyusha. Kata kipande kidogo kwa wembe, kiyeyushe, upake ncha ya fimbo, kisha pasha kibomba (umekishika kwa plaizi) na ukisukume polepole huku ukikizungusha ili gundi ienee. Kikicheza, toa, zungushia uzi wa kushonea mizunguko michache kwenye ncha, paka tena. Halafu geuza fimbo, weka jicho kwenye mpini kama mtu anayelenga bunduki: pete zote zikae mstari mmoja. Ikienda upande, pasha kidogo, nyoosha. Gundi iliyotoka nje ikishapoa inabanduka kwa ukucha.

Hapo ndipo supaglu iliponiadhibu. Niliiweka, nikachomeka, na kabla sijageuza fimbo kutazama, ilikuwa imeshika imepinda kushoto. Nikavua nayo hivyo hivyo msimu mzima wa kaskazi, kila nikirusha mshipi unakwaruza upande. Na ilipofika kuibadilisha tena, ilinitoa jasho kuliko ile ya kiwandani, kwa sababu hiyo gundi hailainiki kirahisi kwa moto kidogo.

Acha ipoe kabisa, kisha funga mshipi kwenye mnazi, rudi hatua kumi, vuta fimbo ikunje kiasi. Ikikaa, imekaa. Ukirudi kutoka baharini ioshe pete kwa maji ya bomba, hasa kama unatumia mshipi wa kusuka, maana unabeba mchanga na chumvi na kuvisugua kwenye pete. Na kama mpango wako ni Msimbati, kule ni ndani ya hifadhi ya bahari, uliza taratibu kwanza.

Ukipima ukakuta ni 2.4, usiagize. Ninazo mbili nilizozitoa kwenye fimbo iliyokanyagwa na bajaji.